Mikono ya Dobi na Vidonge vya Rangi Mbili

Dobi wa nyumba ya wageni alijivunia kazi yake kuliko alivyojivunia ndoa yake, na mumewe alilijua hilo wala halikumkera. Kwa hiyo ngozi ya katikati ya vidole vyake ilipoanza kuwasha, ikageuka nyeupe na kuchanika, aliona haya, akaificha mikono chini ya povu.

Nyumbani kwao kila maradhi yalikuwa na tiba moja: vidonge vya rangi mbili, masalio ya dozi ambazo hakuna aliyewahi kuzimaliza. Dobi alikifungua kimoja, akanyunyiza unga wake juu ya michubuko kama atiaye chumvi kwenye mchuzi, na kingine akakimeza. Asubuhi unga ulisombwa na maji. Jioni aliunyunyiza upya. Vidole vikazidi kuharibika, hadi msimamizi wa nyumba ya wageni alipoona tone la damu kwenye foronya iliyokwisha kupigwa pasi.

"Dada, hebu nione mikono." Alipoiona, aliiweka foronya kando. "Ukipona, kazi ni yako. La sivyo, nitatafuta mwingine. Wageni hawalalii damu."

Katika kituo cha afya, tabibu alikwangua ngozi kidogo, akaitazama kwa hadubini.

"Umetumia nini, mama?"

"Rangi mbili, daktari. Ile ni dawa kali."

"Kali kwa nani? Ile huvunja ukuta wa bakteria, akapasuka akafa. Wewe una fangasi. Naye ana ukuta, lakini wa matofali mengine. Dawa ile haiuwezi. Tena kwa kuimeza, umewaua bakteria wema wanaomzuia fangasi huyo."

"Kumbe nilikuwa namfukuzia maadui zake!"

"Ndiyo hivyo. Na mafua mnayatibu kwa dawa gani huko nyumbani?"

"Hizo hizo rangi mbili, daktari."

"Basi hayo huletwa na virusi, navyo hata ukuta wenyewe havina. Dawa huchaguliwa kwa kijidudu, mama, si kwa ukali wa maumivu."

Alimpa dawa ya kupaka, pamoja na sharti lililomchoma kuliko michubuko: asitie mikono majini mpaka tabibu mwenyewe aseme. Dobi hakuwa na budi kumwita wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mikono mepesi na ulimi mwepesi zaidi, aje afue huku yeye akipiga pasi.

"Haya, malkia! Mimi nifue, wewe ukae kama bibi harusi?"

"Fua, wifi. Na hiyo kola umeipapasa tu, hujaifua."

"Maskini kaka yangu! Alioa mikono na mdomo. Sasa umebaki mdomo."

Muwasho ulikoma upesi, na dobi akalisogelea beseni.

"Umeambiwa nini na tabibu?" wifi aliuliza, safari hii bila mzaha.

"Mbona nimepona?"

"Ndivyo tusemavyo siku zote kwetu, tukaiacha dozi katikati. Rudi kwenye pasi."

Alirudi, akapaka dawa mpaka ikaisha. Tabibu alipomruhusu, alimpa sharti la kuvaa glavu ndefu zenye kitambaa cha pamba ndani yake. Msimamizi aliikagua mikono, akaridhika, akamrudishia beseni lake.

Dobi alifua shuka ya kwanza kwa kinyongo. Zamani vidole vyake vililigundua doa kabla ya macho. Sasa ndani ya glavu havikuhisi kitu, naye akalazimika kuinyanyua shuka kila mara, aitazame kwenye mwanga wa dirisha kama dobi mwanafunzi.