Mgeni Rasmi wa Manzese

Wengine hushindwa na pombe. Mimi kinachonishinda ni kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, maji ya chupa, na mshereheshaji anayetangaza ujio wangu kama vile nimeteremka na ndege. Sijawahi kukataa mwaliko wa kuwa mgeni rasmi.

Wakati huo nilikuwa mwezeshaji kwenye mradi wa kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Nilizunguka Manzese na Mwananyamala nikiwafundisha wasichana wanaotaka kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, pamoja na wazazi wao: mkataba kwanza, wakala awe amesajiliwa, fuateni taratibu. Watu walikunywa soda, wakapokea nauli, wakanipigia makofi. Nikajiona mtu mzito kweli.

Basi mama mmoja wa Manzese, mhudhuriaji wangu mzuri, akanipigia simu kwamba wanamuaga binti yao anayesafiri, na familia imenipendekeza niwe mgeni rasmi. Sikuuliza anasafiri kwenda wapi. Niliuliza shughuli inaanza saa ngapi. Nilidhani mtoto kapata chuo.

Siku ya siku nikavaa kitenge changu cha hafla, nikaketishwa meza kuu chini ya turubai. Kushoto kwangu alikaa mwanamke mchangamfu mwenye mkoba mwekundu. Tulipoletewa pilau akaniinamia.

"Karibu sana dada. Mie ndo namsafirisha. Keshokutwa yuko Uarabuni. Yaani nilivyowaambia wewe unakuja, hata baba yake mdogo aliyekuwa anabishabisha kanyamaza."

Nikaweka kijiko chini. "Mkataba wake uko wapi?"

"Atasaini hukohuko, usijali."

"Na pasipoti?"

Akapapasa mkoba. "Ninayo mie. Hawa wanapotezaga."

Kumbe kitenge changu ndicho kilichokuwa muhuri wa safari. Niliona aibu, na niliogopa. Mtoto wa watu alikuwa anakwenda nchi ya mbali bila karatasi hata moja mkononi, na mimi nilikuwa nimekuja kumbariki. Nilitaka kumvuta mama yake pembeni, lakini alikuwa katikati ya uwanja anacheza. Nakiri pia kwamba sehemu moja ya akili yangu iliwaza kama ni adabu kuondoka kabla ya keki.

Kabla sijaamua, mshereheshaji akaniita nikabidhi zawadi. Na kwetu zawadi haijawa zawadi mpaka mgeni rasmi aishike: anaipokea kwa mtoaji, wanapigwa picha, ndipo anamkabidhi mwenye shughuli. Nikakabidhi begi. Nikakabidhi doti za khanga. Kisha nikaomba maiki.

"Zawadi kubwa bado," nikasema. "Namwomba wakala wetu aje mbele na pasipoti na mkataba, tumkabidhi binti hapa hapa, mbele ya familia."

Vigelegele! Muziki ukafunguliwa. Hakuna mtu mwenye haya Dar nzima anayeweza kuitwa mbele na zawadi, muziki unalia, akabaki kwenye kiti. Yule mwanamke akaja anacheza, uso umemkauka. Akanipa pasipoti.

"Na mkataba?" nikauliza kwenye maiki.

Muziki ukazimwa. Baba mdogo akasimama. "Eeh, na mkataba?"

Haukuwepo. Nikamkabidhi binti pasipoti yake, safari ikafa pale pale, na shughuli nayo ikafa. Keki sikuiona. Mama yake alinisindikiza kwa maneno tu: "Umekula, umekunywa, umetuharibia. Haya, kesho mwanangu atakula semina?"

Nikaenda kutafuta bodaboda, mimi ninayelipwa kwa kusema.

Siku chache baadaye binti akaja nyumbani kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mie bado nataka kwenda. Ila kwa hizo taratibu unazozisemaga. Nipeleke basi."

Nikamwambia hilo halina shida, kisha nikaingia chumbani kumpigia mtu simu anielekeze ilipo ofisi ya serikali inayoshughulikia wanaokwenda kufanya kazi nje. Muda wote ule nilikuwa nikiwatuma watu mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga.

Tukaenda. Tukapanga foleni ambayo haikuwa yetu, hadi mlinzi akatuhurumia akatuonyesha dirisha. Zamu yetu ilipokaribia nikanyoosha mkono nichukue pasipoti yake nikaongee kwa niaba yake, maana maneno ya utangulizi nilikuwa nimeshayaandaa.

Akaikumbatia kifuani. "Hapana mama, samahani. Hii haishikwi na mtu tena. Hata wewe."

Watu wa nyuma yetu wakacheka. Nikanuna. Halafu nikafurahi mpaka machozi yakanilenga, nikampisha aende dirishani mwenyewe.