Gari la Faki Lafunzwa Kusimama

Kazi ya Faki Mwinyi ni kusimamisha malori. Yeye ni karani wa mizani kwenye ghala moja la Changamwe, na kutwa nzima huyaonyesha kiganja malori marefu yaliyosheheni, nayo hunyenyekea, yakapanda mizani na kutulia mpaka ayape ruhusa ya kuondoka. Kwa hivyo siku aliposhindwa kusimamisha gari lake dogo mbele ya mke wake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Alijua kwamba asipojiwahi, atawahiwa.

Ilikuwa Jumapili ya mashindano. Wapenda magari wa Likoni, Kisauni na Changamwe hukodi uwanja wa kuegeshea malori siku usipokuwa na kazi, wakapanga koni na matairi makuukuu, kisha wakazunguka mmoja mmoja huku wenzao wakiwashikia saa. Wengi ni vijana. Faki ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kitambi kinachosalimiana na usukani, na Corolla yake nyeupe ilikuja duniani kabla ya binti yake Jalila. Kila mara hushika mkia. Akishuka husema kwamba ametumwa kuwalinda wenziwe kwa nyuma, na watu humpenda kwa hilo.

Mkewe, Mwanatabu, huwauzia wakimbiaji hao mahamri na mbaazi, meza yake ikiwa kando ya ukuta penye kivuli. Basi Jumapili hiyo, katika mzunguko wa tatu, breki za Corolla zilichemka zikachoka, pedali ikazama mpaka sakafuni, na gari likazipita koni, likayapita matairi, likaenda kujipumzisha kwenye meza ya Mwanatabu. Hakuumia mtu. Sufuria ya mbaazi ndiyo iliyoumia, nayo ilikuwa imejaa.

Mwanatabu alizitazama mbaazi zilivyotandaa juu ya boneti, kisha akamtazama dereva.

"Baba Jalila," alisema kwa ile sauti ya chini ambayo Faki huiogopa kuliko kelele, "mimi gari hili silipandi tena. Mpaka lijue kusimama."

Watu walicheka, na Faki akawaongoza kwa kicheko. Lakini moyoni lilimchoma. Harusi ya Jalila ilikuwa inakaribia, mume akiwa mtu wa Kisauni, na kwa miaka Faki alikuwa amejijengea picha moja ya siku ile: Mwanatabu kakaa ubavuni mwake, kajipamba, kioo kimeteremshwa, yuaenda kwa wakwe zake ndani ya gari la mumewe na mtaa mzima watazama. Katika ndoa yao hakuwa amempa vitu vingi vya kutazamwa na watu. Sasa Mwanatabu alikwisha kuzungumza na kaka yake ampeleke. Kwamba mkewe aende kwenye harusi ya binti yao ndani ya gari la mtu mwingine, na yeye ana gari mlangoni, hilo lilimkaa Faki kooni kama mwiba wa samaki.

Mtu mwenye akili zake angenunua pedi mpya za kawaida, akabadilisha mafuta ya breki, mambo yakaisha. Faki alizitafuta akili hizo asizione. Alikuwa amekwisha kutazama video kwenye simu, pale pale mizanini, huku malori yakimpigia honi, na video zilimwambia kwamba gari la zamani likitaka kukimbia kiume lazima lifungwe breki za kiume. Kwa wauza spea za mitumba akapata diski pana zilizotoka kwenye gari kubwa zaidi. Diski zikakataa kuingia ndani ya rimu zake, akatafuta rimu kubwa. Paipu za mpira akazitoa, akatia zilizosukwa kwa chuma. Magurudumu ya nyuma, yaliyokuwa yameridhika na breki zao za ngoma tangu kiwandani, nayo akayafunga diski, maana aliona haya mbele ikipambwa na nyuma ikiachwa vile vile.

Ngowa, fundi wake, alitoka uvunguni akiwa na kebo ya breki ya mkono.

"Hii haifiki tena, bwana Faki. Diski hizi zataka kebo nyingine."

"Ifunge kwa waya hapo chini, tutaitafuta baadaye," Faki akamjibu. "Ushaona nani akivuta breki ya mkono kwenye mashindano?"

Ngowa hakuwa amemwona. Akaifunga.

Pedi zenyewe alizitoa kwa Mwangi, dereva wa lori kutoka Murang'a, ambaye karibu kila mashindano huondoka na kikombe. Mwangi alimkabidhi pedi za mbio, mpya, ndani ya boksi lake.

"Hizi ni noma, mzee. Ukikanyaga, unasimama kama umegonga ukuta. Lakini sikiza: zinataka moto. Zikiwa baridi hazishiki. Lazima uzipashe kwanza, ndio ziamke."

Faki alicheka sana. Akamwekea Mwangi mkono begani, kwa huruma ya mzaliwa wa pwani kwa mgeni wa milimani.

"Ndugu yangu, hayo ni mambo ya kwenu kwenye umande. Hapa Mombasa kuna kitu gani kilicho baridi? Hata maji ya mfereji yatoka ya moto. Pedi zangu zitaamka kabla ya adhana."

Akarudi nyumbani akiwa amejaa hekima. Baadaye, kila anapolikumbuka neno lile la adhana, hujifunika uso kwa kofia.

Jumapili iliyofuata ya mashindano, Corolla ilisimama. Wallahi ilisimama. Ilizungushwa mizunguko ya kupasha moto kama kawaida, kisha Faki akaiachia, na kila kona alipokanyaga, gari liliganda mahali pake na kofia yake ikaruka mpaka kwenye kioo. Alimaliza wa tatu kutoka nyuma. Vijana wawili walishindwa na mtu aliyekuwa mzima kabla ya baba zao kuoa, na Faki akawafariji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwanatabu, ambaye safari hii meza yake ilikuwa nyuma ya lori zima, alichungulia akaona.

"Haya," alisema jioni ile akikunja kanga zake. "Limejua. Harusini utanipeleka wewe."

Faki akatoka kwenda kulifuta gari, asije akalia mbele yake. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na yeye kipya chake kilikuwa kimempatia mkewe.

Siku ya harusi aliliosha gari alfajiri. Aliliosha kwa mapenzi, mpaka ndani ya rimu, diski zile zing'ae zionekane. Mwanatabu alitoka amevaa dira jipya, asumini kichwani na hina mpaka juu ya vifundo vya miguu. Nyuma akaketishwa Bi Sabah, mama yake mdogo Mwanatabu, mzee wa watu wa kale wa Likoni, ambaye ulimi wake haujawahi kufungwa breki za aina yoyote.

"Shikamoo, Bi Sabah."

"Marahaba, mwanangu. Gari hini ndiyo iliyokula mbaazi?"

"Ndiyo, bi. Lakini imetubu."

Kutoka nyumbani kwao Likoni mpaka foleni ya feri ni mwendo mfupi, tena wa polepole. Faki alipungia watu mkono, na watu walimwona Mwanatabu, naye Mwanatabu alikuwa ameinua shingo kidogo. Hapo Faki alikuwa na furaha ambayo haikumtosha kifuani. Wakaingia foleni. Sasa, mwenyeji wa Likoni hachomi petroli kwenye foleni ya feri. Injini huzimwa, na magari ya mbele yakisogea, naye huliachia gari lake lijiteremkie lenyewe, kisha akaligusa breki. Faki amefanya hivyo maisha yake yote, na siku ya harusi ya binti yake hakuona sababu ya kubadilika.

Foleni ikasogea. Akaliachia. Mbele yake palikuwa na mkokoteni uliopandishwa makreti ya nyanya mpaka juu. Akakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu, imara, pedali ya kujivunia, na gari likaendelea kuteremka. Injini imezimwa haimsaidii mguu, diski zina maji ya kuoshwa, na pedi za mbio zimelala usingizi wa pono. Akakanyaga kwa miguu yote miwili. Gari lilikuwa likienda mwendo wa mtu anayetoka msikitini bila haraka, lakini lilikuwa likienda. Akavuta breki ya mkono, ikamjia yote mkononi, nyepesi.

"Mzee, kanyaga breki!" alipiga kelele mwenye nyanya.

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga basi!"

"Hizi ni za mashindano!" Faki akapiga kelele naye, na hata yeye akasikia namna lilivyosikika neno lile.

Angeweza kutia gia, gari lingekwama pale pale. Jambo hilo lilimjia jioni, akitawadha. Wakati ule akili yake yote ilikuwa imehamia miguuni. Bi Sabah alikuwa akipiga shahada, na katikati ya shahada akauliza kwani chombo hiki hakina mwenyewe. Mwanatabu alifungua mlango, akakusanya dira lake, akashuka kutoka kwenye gari linalotembea kama mtu anayeshuka kitandani, akaendelea kwa miguu kando yake. Kwa hatua chache mke na mume walikwenda sambamba. Kisha mke akampita.

Waliomwokoa ni watu wa miguu. Wanaume sita au saba walitoka kwenye umati, wakaegemeza viganja kwenye boneti, wakachimbia visigino kwenye lami, na Corolla ikasimama nyanya zikiwa karibu kabisa. Wakalisukuma hadi kando ya barabara, wakamteremsha Bi Sabah kwa heshima zote, na mmoja akaokota jiwe, akalikita chini ya tairi. Diski pana, paipu za chuma, mafuta mapya, pedi za bingwa. Na kilicholisimamisha gari ni jiwe la bure. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Faki hakuwa amefika hata ukingoni.

Aliwakuta Mwanatabu na Bi Sabah penye lango la waendao kwa miguu. Shati lake la harusi lilikuwa limelowa jasho. Alitaka kusema la kuchekesha, maana ndiyo silaha aliyonayo, lakini halikuja.

"Nisamehe, Mama Jalila," alisema. "Nilitaka watu wakuone."

Mwanatabu alimtazama. Asumini moja ilikuwa imening'inia sikioni.

"Wameniona," alisema. "Alhamdulillahi. Likoni nzima imeniona."

Faki aliinamisha kichwa. Wakavuka kwa miguu, Bi Sabah akiwasimulia wasiowajua mambo ya mbaazi, na ng'ambo wakakodi tuktuk. Wote watatu walikaa nyuma, Mwanatabu katikati, bega lake limembana mumewe. Kijana mwenye tuktuk alipewa habari kwamba kuna harusi, akaichukua habari hiyo kwa uzito. Alizipita pikipiki, akayapita mabasi, akaushukia mteremko wa daraja la Nyali kama aliyesahau kwamba chini kuna watu.

Faki alijishika. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu ya tuktuk, palipokuwa hapana kitu, ukakanyaga tena, na tena, kwenye kila kona na kila gari lililokuwa mbele. Hakujua kwamba anakanyaga. Alikuwa ametoa macho barabarani, meno yamekaza, akilisimamisha gari la mtu kwa nguvu zake zote.

Akahisi kitu juu ya mguu wake. Mwanatabu alikuwa amevua ndara yake moja mpya, akaweka unyayo wake juu ya kiatu cha mumewe, akaukandamiza chini kwa utulivu.

"Tulia, Baba Jalila," alimwambia sikioni. "Leo si wewe unayeendesha."

Faki akauacha mguu wake pale, chini ya ule wenye hina, mpaka Kisauni.