Betri ya Tilek

Ularbek Sadyrov alikuwa fundi umeme wa magari pale Naryn, na kibanda chake kimepakana na changu ninaposhonea viatu, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Alikuwa mtu wa polepole. Ukimletea taa isiyowaka angekaa nayo asubuhi nzima, na ukimharakisha anakurudishia ufunguo wako. Madereva walimtania kwamba gari likiingia kwake linatoka na mvi. Hata hivyo walimpelekea yeye, kwa sababu alichokitengeneza hakikuharibika tena.

Mwezi wa Novemba alikuja Tilek, aliyekuwa akibeba abiria kwenda Bishkek, mji mkuu. Alikuwa amebadilisha injini na kuweka kubwa zaidi, apate nguvu ya kupanda mlima wa Dolon, na injini hiyo ilijaa chini ya boneti hadi betri ikakosa pa kukaa. Alitaka ihamishiwe kwenye buti. Ularbek alikuwa ameshafanya kazi hiyo kwa magari matano. Akaifunga betri barabara, akaiwekea bomba la kutolea hewa yake nje, akapitisha waya mnene chini ya kiti cha nyuma hadi mbele kwenye injini. Kila tundu alilotoboa kwenye bati alilivika raba, ili bati lisiukate waya.

Ikabaki fyuzi. Waya mrefu namna ile unahitaji fyuzi kubwa karibu kabisa na betri, ili ukigusa bati, fyuzi ikatike kabla moto haujaanza. Aliyoiagiza ilikuwa haijafika. Na Tilek alikuwa na abiria anayemsubiri, mwalimu mstaafu aitwaye Saliya, mwenye miadi na daktari wa macho huko Bishkek.

"Kaka Ular, Alhamisi nalileta gari mwenyewe," Tilek alisema. "Siku tatu tu. Au unataka niipakate hiyo betri?"

Ularbek alicheka, nilikuwepo, nilimwona. Akaunga waya moja kwa moja kwenye betri, akamwambia aende taratibu.

Alhamisi Tilek hakuja. Fyuzi ilifika, ikakaa kwenye rafu. Ularbek alimpigia simu mara mbili, akaambiwa kesho, kisha Jumatatu. Baadaye baridi ilikaza, magari yasiyowaka yakapanga foleni hadi mlangoni kwangu, na Ularbek hakupiga tena.

Ajali ilitokea Desemba, kwenye mteremko wa Dolon. Mwalimu Saliya alikuwa anarudi nyumbani kutoka kwa daktari, safari yake ya pili, amelala kiti cha nyuma, akaamshwa na moshi uliokuwa ukitoka chini yake. Tilek alisimamisha gari akakimbilia mlango wa nyuma, lakini ulikuwa umeganda kwa barafu. Akavunja kioo kwa jeki, akamvuta yule mama kwa mabega. Mama alitoka na mikono iliyoungua. Koti la Tilek lilishika moto yeye akiwa bado ameingiza nusu ya mwili ndani. Alikufa hospitalini siku ya tatu.

Polisi waliandika kuwa ni hitilafu ya injini, na sokoni watu walisema tamaa ya injini kubwa ndiyo iliyomponza. Hakuna aliyemtaja Ularbek. Yeye ndiye aliyekwenda kwenye yadi ya polisi, akalala chini ya gari lililoungua, akaufuata waya wake kwa vidole. Raba zote zilikuwa zimeyeyuka zikiwa bado mahali pake. Waya ulikuwa umekatwa chini ya mguu wa kiti. Tilek alikuwa amekitoa kiti apakie magunia, akakirudisha bila kuangalia.

Nilimwambia ashikilie hilo hilo la kiti. Kosa si lake, anyamaze.

"Fyuzi ingekatika," alinijibu. "Angerudi kwangu kunitukana, basi."

Siku ya saba ya msiba alikwenda nyumbani kwa marehemu, nikamsindikiza. Zuura, mjane, alikuwa akikaanga maandazi ya kumwombea mumewe. Ularbek alikataa kuketi. Alieleza yote akiwa amesimama, hata kile kicheko. Mzee Kubat, baba yake Tilek, aliuliza hiyo fyuzi iko wapi. Ularbek akaitoa mfukoni. Mzee aliigeuzageuza kiganjani.

"Kitu kidogo namna hii," akasema, akamrudishia.

Zuura hakuacha kugeuza maandazi. "Nilikuwa nimeshakubali kwamba Mungu ndiye aliyemchukua," alisema. "Sasa umeniletea mtu wa kumchukia. Ungenyamaza tu, shemeji."

Ularbek alijipeleka polisi, wakamwambia faili limefungwa. Akawafuata wale watano aliowahamishia betri, mmoja mmoja. Wanne walikuwa salama. Wa tano, kule At-Bashy, fyuzi yake ilikuwa imekatika naye akaweka boliti mahali pake. Alipoambiwa azime gari, alimuuliza Ularbek kama muuaji ndiye atakayemfundisha usalama. Ularbek alikaa mbele ya gari kwenye theluji, magurudumu yakiwa karibu na magoti yake, hadi yule bwana akachoka akafungua buti.

Wateja walipungua. Wengine walimwogopa, wengine waliona aibu kumtazama.

Mwezi wa Machi Zuura alikuwa anahama kurudi kwa wazazi wake. Alipita kwangu na buti za mtoto zilizoachia soli. Nilizishona akiwa ameketi kwenye kigoda, amekigeuzia mgongo kibanda cha jirani. Ilichukua kama saa nzima. Mlango wa Ularbek ulikuwa wazi. Nilimwona ameinamia meza yake muda wote ule, na mezani hapakuwa na kitu.