Dume Chini ya Jiwe

Bibi Samaki, ndivyo tunavyomwita mtafiti wetu ofisini, hana pupa na mawe. Mimi ni dereva wake tu, lakini mwaka wa tisa huu namshikia daftari huku yeye ameinama kijitoni, maji yakimfika magotini. Hulishika jiwe kwa mikono miwili kama anayembeba mtoto aliyelala, akachungulia chini yake, kisha akalirudisha vilevile lilivyokuwa. Siku moja nililirudisha langu juu chini. Hakunigombeza. "Mdogo wangu," alisema, "umemvunjia mtu nyumba." Samaki wake hawazidi kidole. Jike hubandika mayai chini ya jiwe akaenda zake. Dume hubaki akiyapepea kwa mapezi, usiku na mchana, yasikose hewa. Na daftarini Bibi Samaki hataki nafasi tupu. Hata sifuri, kwake, lazima iandikwe.

Tangu wachimba mchanga waanze kazi huko juu, tope limeziba chini ya mawe. Jana alikagua mawe arobaini, nikaandika sifuri arobaini. Alipoinua la arobaini na moja, dume alikuwapo, wala hakukimbia. Mayai yalikuwa meupe, yameota ukungu, yamekufa siku nyingi. Naye alikuwa akiyapepea.

Bibi Samaki alililaza jiwe taratibu kuliko mengine yote.

"Andika dume mmoja."

"Na mayai?"

Alikuwa ameshanipa mgongo, anatafuta jiwe jingine.

"Hapo paache wazi," alisema.