Nilipohama kwa wazazi, mama alinisindikiza na moto: uzi kwa mnaosema wazee wetu walijitegemea mapema

Wakuu, nawasalimu nyote, hasa nyinyi mnaosoma hapa mkiwa kazini mkijifanya mna-type report.

Nimeusoma ule uzi wa kijana wa miaka ishirini na tisa anayeuliza kama ahame kwa wazazi wake au akae kwanza. Nimesoma comments zote. Nusu yenu mmemwita mtoto wa mama. Nusu nyingine mmemwambia ati enzi za wazee wetu mtu akifika kumi na nane alikuwa ameshajitegemea.

Sasa mimi ndiye huyo mzee wenu. Nimepita miaka tisini na ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo siwezi kumudu uongo, unachukua nafasi kubwa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Wa kunipinga wengi wameshakufa.

Tulikuwa tunakaa Subukia, upande wa kuelekea Kabazi, kwenye shamba la mzungu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini, kabla mambo hayajaharibika nchini. Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Mama alichuma pareto, yale maua meupe yanayotengeneza dawa ya wadudu. Mzungu tulimwita Kihara, maana kichwani hakuwa na unywele hata wa kuazima.

Sasa, kuhama.

Kwetu Wakikuyu, kijana akishatahiriwa halali tena kwenye nyumba ya mamake. Ni mwiko. Anajengewa thingira, kibanda chake mwenyewe, na kibanda hicho kinajengwa na kuezekwa siku moja, jua lisizame paa likiwa wazi. Wenzangu wa rika walikuja alfajiri, wakamaliza uji wote wa mama, na jioni nikawa mwenye nyumba.

Mama akaja na kaa la moto kwenye kigae. Moto wa nyumba mpya hutoka kwenye nyumba ya zamani, hauwashwi na kiberiti kama sigara. Akaupuliza, ukashika, akaondoka bila kugeuka.

Basi hapo nilikuwa nimehama. Kutoka mlangoni kwangu ungeweza kurusha kiazi kikaanguka kwenye sufuria ya mama.

Asubuhi moto wangu ulikuwa umezima, nikaenda kwa mama kuchukua kaa lingine. Nikiwa pale, kuna uji. Mchana nikapita kuona kama kuna kazi ya kusaidia, nikakuta githeri, mahindi na maharagwe. Jioni nikaenda kusalimia. Nilikuwa mwanaume kamili anayejitegemea kati ya chakula na chakula.

Nikaishi hivyo miaka kadhaa na hakuna aliyeniita mtoto wa mama. Hiyo ndiyo kumi na nane yenu mnayoisifu.

Shida ilianza nilipompenda Wambui.

Wambui alikuwa binti wa fundi wa mikokoteni wa shamba jirani. Babake hakuwa na neno na mimi, ila alitaka kujua bintiye atapika wapi. Mke kwetu hujengewa nyumba yake. Na Kihara alikuwa ameshatangaza kwamba hataki kuona kibanda kipya hata kimoja, isipokuwa cha kijana aliyeweka kidole kwenye mkataba wake mwenyewe wa kazi. Asiyeweka kidole atoke shambani.

Kwa hivyo nilikuwa na njia mbili. Niweke kidole, nipewe nafasi ya kujenga ubavuni mwa mama, nichume pareto mpaka nife. Au niende Nakuru nikatafute chumba.

Wambui mwenyewe hakunizungusha. Alisema, "Mimi sitaki kuishi nikiuliza mamako chumvi iko wapi. Pata mlango wako, nitakuja."

Kikao cha familia kikaitwa. Wakuu, kama mnadhani comments zenu ni nyingi, hamjakaa na wajomba zangu. Baba alitaka niweke kidole, kwa sababu ng'ombe wa Kihara walikuwa wazuri. Mjomba mmoja aliyekuwa mpishi Nakuru akatusomea faida za mji kwa muda mrefu: uhuru, mkate, taa za barabarani. Alikuwa amekuja kuomba viazi. Shangazi akasema mji unaharibu watu, akamwangalia mjomba.

Mama akasema nifanye ninavyotaka, kisha akamenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula.

Nikachagua Nakuru. Nikapata kazi ya kushona magunia kwenye ghala la mahindi la Mhindi mmoja, na chumba kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, ukuta wa mbao, paa la mabati. Nikarudi nyumbani kuchukua blanketi na sufuria.

Siku ya kuondoka lori la Kihara lilikuwa linapeleka pareto kavu mjini. Dereva alikuwa mtu wetu, akaniruhusu nikae juu ya magunia. Mama akasema anakuja pia, anataka kuona mahali ninapolala. Akapanda na chungu kidogo kilichofunikwa na majani ya mgomba, akakishika mapajani. Nilidhani ni uji.

Mnajua tayari kilichokuwa ndani. Mimi sikujua.

Mama alikuwa amechukua makaa kutoka jikoni kwake, akayazika kwenye majivu, kwa sababu mwanawe hawezi kuanza nyumba kwa kiberiti cha dukani. Ameketi juu ya maua makavu ya mzungu, lori zima, na moto mapajani. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani.

Ule mlima wa kutoka Subukia lori zilikuwa zinaupanda polepole sana. Mahali fulani kwenye kona tulirushwa, chungu kikainama, kaa likadondoka kati ya magunia. Moshi ulipoanza, dereva alidhani ni injini. Akasimama, akafungua boneti, akaanza kuitukana injini isiyo na hatia.

Tukaruka. Tukaanza kurusha magunia barabarani, tukiyapiga na matawi, mimi nikikohoa kama baiskeli mbovu. Nadhani siku hiyo hakuna mbu aliyebaki hai Subukia. Magunia kadhaa yaliteketea kabisa.

Nilipomtafuta mama, nilimkuta amesimama kando ya barabara. Alikuwa ameokoa chungu.

Tukafika Nakuru tunanuka dawa ya wadudu. Mama akawasha jiko langu kwa makaa yaliyobaki, akapika, akafagia chumba, akasema sasa hii ni nyumba. Jioni ileile akarudi na lori.

Wakuu, niwaambie kitu ambacho vijana wa kujitegemea hawaandiki. Zile wiki za kwanza nilikuwa na huzuni mbaya. Nilikula nimesimama. Nilikuwa naongea na sindano ya magunia. Watu wa ploti waliniona mtu mkimya mwenye heshima, kumbe nilikuwa natamani mtu wa kuniuliza kama nimeshiba.

Halafu jioni moja nikatoka ghalani nikamkuta baba mlangoni kwangu. Kuku chini ya kwapa, blanketi begani, mama nyuma yake na masufuria.

Kihara alikuwa ameuliza nani alichoma pareto yake, akaambiwa, na hakutaka hadithi ya mila. Baba alimkamulia ng'ombe tangu mimi sijazaliwa. Alipewa muda wa kufunga mizigo na kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa, basi. Kibanda changu kilikuwa kimeshabomolewa kabla hawajafika barabarani.

Nilifurahi. Ndiyo, someni tena. Mzee wangu amepoteza kila kitu, na moyo wangu unarukaruka kwa sababu nimeona masufuria ya mama.

Furaha ilidumu mpaka tulipomaliza kula. Baba aliketi kwenye kitanda changu, akaangalia chumba changu, kodi yangu, taa yangu, akaniambia, "Mtu mzima hawezi lala nyumba moja na mamake. Enda utafute kwako."

Hakuwa anatania. Mwiko ni mwiko hata lokesheni. Kwa hivyo mimi ni kati ya watu wachache mtakaowasikia ambao wazazi waliwatoa kwenye nyumba ambayo mtoto ndiye aliyeilipia kodi. Nililala ghalani juu ya magunia, nikalipa kodi ya chumba nisichoruhusiwa kulala, na asubuhi nikapita kwa mama kunywa uji.

Wambui akaja na shangazi yake kukagua. Akamkuta mama amepanga kila kitu, vyombo vimeng'aa, kuku ametaga kwenye kofia yangu. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni nyumba nzuri sana ya mama, na yeye atasubiri kuona yake. Niliona kabisa kwamba hatasubiri sana.

Nikazunguka lokesheni nzima. Chumba pekee kilichopatikana kilikuwa nyuma ya ukuta uleule wa mbao, ila mlango wake ulitazama upande mwingine. Wambui akasimama kwenye ule mlango, akaangalia upande wake, akaangalia upande wa mama, akacheka hadi akaketi. Akakubali. Tukaoana, na kwa miaka mingi kila tulipogombana, baba aligonga mbao kutuambia nani ana makosa. Mara nyingi ilikuwa mimi.

Sasa mtauliza, mzee, kwa hivyo ulihama lini hasa? Si siku ya thingira. Si siku ya lori wala ya ghala.

Asubuhi moja baba alikuja upande wetu, kofia mkononi. Hakuwa na kazi tena na mikono yake ilikuwa inamsumbua, ilizoea kukamua. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Nikienda Subukia kuwaona wale ng'ombe, wewe unaonaje?"

Baba yangu hakuwahi kuniuliza ninaonaje.

Nilijua Kihara ana mbwa. Nilijua pia jinsi alivyowapenda wale ng'ombe, kila mmoja na jina lake. Nikamwambia asiende.

Akasema, "Sawa." Akavaa kofia yake, akarudi kwake. Nikafunga mlango, nikalia, na Wambui akajifanya anatafuta chumvi.

Siku hiyo ndiyo nilihama kwa wazazi wangu.

Kwa hivyo wewe wa ishirini na tisa, panga chumba ukitaka, usipange ukitaka, hilo ni suala la kodi na nani anaosha sahani yako. Lakini siku ile nyingine usiiharakishe, itakuja yenyewe bila kuuliza una miaka mingapi. Na nyinyi mliomtukana, hebu semeni hapa chini ukweli: leo mmekula kwa nani? Nasoma polepole, ila nasoma zote.