Risasi za Mama Mkwe

Bunduki niliyotembea nayo miaka ile ilikuwa ya mtutu mmoja. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu mwenye mitutu miwili hawezi kuielewa taabu yangu. Yeye hutia risasi ya aina hii huku na ya aina ile kule, kisha akaenda zake. Mimi masika ninayoyasimulia, kabla ya kushika njia ilinibidi nichague moja tu. Mkono wa kulia risasi ya dukani, mkono wa kushoto risasi iliyojazwa nyumbani, nami nimesimama mlangoni nazitazama zote mbili kwa jicho baya.

Nilikuwa mchanjaji wa ndui. Serikali ya Mwingereza ilinipa sanduku la mbao lenye vijichupa vya dawa, vyembamba kama majani ya uwanda, vilivyofungwa ncha zote mbili kwa moto huko vilikotengenezwa. Nilianzia Iyula kwenye kahawa na baridi, nikapita Ihanda, kisha nikateremka porini hadi Mbangala, ambako mtu aliweza kutembea nusu siku asione moshi wa jiko. Mchanjaji aliyenitangulia aliliwa na simba kwenye njia hiyohiyo, likarudi sanduku tu. Ndiyo maana baraza la mtemi lilinipa bunduki na kibali chake, na ndiyo maana kilichokuwa ndani ya mtutu hakikuwa mchezo kwangu. Nilikuwa na mke kijana na mtoto anayetambaa.

Lazima pia niseme mimi ni mtu wa aina gani. Mimi hushuku. Nikipewa maziwa nanusa kwanza. Nikisifiwa najiuliza anataka nini. Mke wangu alikuwa akinicheka kwamba hata kivuli changu nakikagua kabla ya kukikanyaga. Nami nilijibu kwamba ndiyo sababu bado nina kivuli.

Basi risasi za dukani nilizishuku. Nilizinunua Tunduma, kwenye duka moja karibu na mpaka, na kila mara niliikuta boksi imekwisha kufunguliwa. Karani wa pale, aliyezoea kuuza kwa watu wa ng'ambo, aliniapia huku akiniita bwana kwa lugha yao.

"Mukwai, hizi zimetoka Ulaya moja kwa moja, hazijaguswa na mtu."

"Kama hazijaguswa, boksi ilijifungua yenyewe?"

Alicheka, akapima kitambaa cha mteja mwingine. Risasi zenyewe zilikuwa na kitako cha shaba, lakini mwili wake wote ulikuwa wa karatasi ngumu. Karatasi na ukungu wa kwetu Mbozi havipatani. Masika yakianza zilivimba, nyingine zikawa haziingii kabisa kwenye mtutu. Mtu aliyezitengeneza alikuwa mbali sana, hajui njia ya Mbangala, na akikosea hakuna wa kwenda kumuuliza.

Za nyumbani nilizishuku zaidi, na hapa ndipo anapoingia mama mkwe wangu.

Aliishi Ihanda, mjane. Marehemu mumewe alikuwa mwindaji, na mikono ilipoanza kumtetemeka uzeeni, mke ndiye aliyejifunza kumjazia risasi. Alikusanya maganda yaliyokwisha kupigwa, yale ya shaba tupu, akayasafisha kwa majivu, akatia fataki mpya ya kuwashia kitakoni, baruti, kizibo cha ngozi, vigololi vya risasi viitwavyo marisau, kizibo kingine, kisha akafunga juu kwa nta ya nyuki. Nta ikiwa bado laini alibandika katikati punje moja ya ulezi. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake, kwani kuandika hakujua. Wenye bunduki wa Ihanda waliokuwa wakilinda mahindi yao dhidi ya nguruwe walizitaka hizo kuliko za dukani.

Nami namwogopa. Sababu ninayo.

Kabla sijamjua binti yake, nilifika Ihanda kuchanja. Watu walipanga mstari mbele ya nyumba ya jumbe. Mwanamke mmoja mrefu alipofika mbele yangu hakutoa mkono. Alikitazama kijichupa nilichoshika, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Mle ndani mna nini?"

Mimi, kijana wa kaptula ya kaki na kiburi chake, nilijua ni dawa ya ndui, lakini imetengenezwaje, imetiwa nini, sikujua zaidi yake. Nikaona haya, na haya ikageuka ukali.

"Imefungwa huko ilikotoka. Hata mimi sijaifungua. Kazi yako wewe ni kutoa mkono tu."

Hakutoa. Nikamwita jumbe, jumbe akaita matarishi wake wawili, wakaanza kumsogelea wamkamate kama mbuzi wa kuchinjwa. Yule mama akawainulia kiganja. "Acheni," akasema. "Natoa mwenyewe." Akakunja nguo begani, akanipa mkono, akatazama pembeni mpaka nilipomaliza. Aliyemfuata kwenye mstari alikuwa binti yake, naye aliniangalia kwa hasira ambayo sijapata kuisahau. Mwaka uliofuata nilituma washenga.

Walinikubali, Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Tangu siku hiyo mila ikashika kazi yake. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawapeani kitu mkononi. Akinisikia naja alijificha nyuma ya migomba. Nikimwona mbali niliacha njia nikapita majanini. Mkono niliokuwa nimeushika mbele ya watu, sasa hata kuutazama ni mwiko. Lolote alilotaka kuniambia lilipitia kwa mke wangu, na lolote nililotaka kumwuliza lilinibaki kooni.

Sasa fikiria. Masika ya mwaka wa tatu wa ndoa yetu, mke wangu anarudi kutoka Ihanda na kikapu. Juu mna viazi. Chini, ndani ya kitambaa safi, mna risasi tano za shaba, kila moja na nta yake na punje yake ya ulezi.

"Mama amesikia huko Mbangala kuna chui mkali," akasema. "Anasema za karatasi zitakuua."

"Nani alimwomba?"

"Hakuna."

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu. Mimi ningekuwa yeye, ningelipiza. Kijana aliniaibisha mbele ya kijiji kizima, akamchukua na binti yangu, na sasa kila masika anapita penye simba na chui. Nusu kipimo cha baruti kingetosha. Hakuna ambaye angejua, maana maiti haitoi ushahidi. Nikamwuliza mke wangu, nikijifanya natania:

"Mama ametia nini mle ndani?"

Aliacha kumenya viazi. "Ametia anachotia siku zote."

"Nauliza tu."

"Umeuliza kama ulivyo," akasema, akaendelea kumenya.

Kesho yake alipokwenda kisimani nilichukua risasi moja, nikakaa kizingitini penye mwanga, nikaing'oa nta kwa ncha ya kisu. Punje ya ulezi iliruka, kuku akaidona. Nikatoa kizibo, nikamwaga marisau kwenye sahani, yote makubwa na ya mviringo. Nikamwaga baruti kwenye karatasi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amenionyesha kipimo cha mama yake, kwa hiyo nilikijua. Kilikuwa kamili. Baruti ilikuwa kavu, haina mchanga wala vumbi la mkaa. Hakukuwa na kosa hata la kusingizia.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikaa pale nikiwaza kwamba labda mbaya ni mojawapo ya zile nne. Nikairudisha baruti ndani, nyingine ikapeperuka kidogo, nikashindilia vizibo kwa kijiti, na kwa kuwa nta yake ilikwisha kuvunjika vipande, nikadondosha mshumaa juu. Hiyo niliitia kwenye mfuko wa shati. Ndiyo niliyoiamini peke yake kati ya tano, kwa sababu ndiyo niliyoijua ndani na nje. Zile nne nilizitupa chini kabisa ya mkoba.

Tuliondoka baada ya siku tatu, mimi na mpagazi wangu, mtu mzima wa Iyula aliyebeba sanduku na kuongea kidogo. Ukungu ulikuwa mzito hata matone yalining'inia kwenye ukingo wa kofia. Mwendo wa siku mbili shati halikukauka. Asubuhi ya siku ya tatu, tukiwa tumeteremka porini, nilisimama kutia risasi. Niliijaribu ya dukani, ikakwama nusu. Nyingine, vilevile. Zimevimba zote, kama nilivyotabiri. Mpagazi akanitazama.

"Huna nyingine, bwana?"

Ninazo nne mkobani zenye punje ya ulezi. Nikatoa ile ya mfuko wa shati, ile ya mshumaa, nikaitia.

Chui alikuwa amenaswa kwenye mtego wa waya wa mtu fulani, akaukata, akabaki na kipande kimemkaba mguuni. Hatukujua. Tulisikia ngurumo kwenye nyasi upande wa kushoto, na kabla sijageuka vizuri alikuwa ametoka. Nilipata muda wa kulenga. Hilo nalikumbuka sana, kwamba muda nilikuwa nao wa kutosha. Nikafyatua. Badala ya mlio, bunduki ilitoa sauti ya kuni mbichi jikoni, moshi mweupe ukatoka, na marisau yakadondoka mbele ya miguu yangu.

Mpagazi ndiye aliyeniokoa, kwa panga lake na kwa kelele. Mimi mkono wa kushoto uliraruka kutoka begani hadi kwenye kiwiko.

Nililazwa hospitali ya misheni majuma mengi. Na huko kitandani, na homa yangu, nilifanya jambo ambalo hadi leo linanichoma. Kila aliyekuja kuniona nilimwambia: risasi ya mama mkwe. Niliitia ya mama mkwe, ikatoa moshi. Sikusema zaidi, niliwaacha wamalizie wenyewe, na walimalizia. Kwamba niliifungua, kwamba niliifunga kwa mshumaa, kwamba ililowa mfukoni siku mbili, hayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimekwisha kujishawishi kwamba hayahusiki. Habari ilifika Ihanda kabla ya kidonda changu kuanza kukauka, na wenye bunduki wa kule wakaacha kwenda kwa yule mjane. Mmoja alimrudishia risasi zake kwa kuzitupa uani.

Mke wangu alikuja siku ya soko, mtoto mgongoni. Hakuniuliza hali. Alifungua mkoba wangu, ambao mpagazi alikuwa amemkabidhi, akapanga juu ya blanketi risasi tatu za shaba.

"Mkobani zilikuwa nne," akasema. "Moja kaka yangu amempigia nguruwe juzi kwenye mahindi yetu. Ililia mpaka Iyula. Hizi ndizo zilizobaki. Ziangalie."

Niliziangalia. Ulezi, ulezi, ulezi.

"Ya tano ilikuwa na ulezi?" akauliza.

Nilitazama dari. Ningeweza kudanganya, na uongo nilikuwa nao tayari mdomoni. Lakini alitoa kwenye pindo la khanga ganda lile lililonitolea moshi, lililookotwa na mpagazi. Mdomoni mwake kulikuwa na mshumaa umeganda, mweupe. Nta ya mama yake ni ya kahawia.

"Niliifungua," nikasema. "Nilitaka kujua ametia nini."

"Ukakuta nini?"

"Sikukuta kosa."

"Kwa hiyo ulijua." Hakupaza sauti. "Ulijua kabla hujaondoka nyumbani. Na bado umemsema."

Alizikusanya risasi zake, akaondoka, na mtoto akanitazama kutoka mgongoni mpaka walipopita mlangoni.

Nilipotoka hospitali nilifanya yanayopasa. Nilisimama mbele ya nyumba ya jumbe Ihanda, palepale, nikawaambia watu niliyoyafanya, kuanzia kisu hadi mshumaa. Nilipeleka mbuzi wa kuomba radhi, na wazee wa ukoo wakampokea. Wenye bunduki walirudi kwa mama mkwe mmoja mmoja. Mke wangu alianza tena kunitania, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Nikadhani yamekwisha. Masika yaliyofuata, karani wa Tunduma akiwa ameniuzia boksi nyingine iliyofunguliwa, nilimwomba mke wangu anipelekee neno kwa mama yake: ikiwa ataweza, anijazie tano tu, sitaigusa nta.

Alirudi jioni, jua bado lipo, akiwa na kikapu cha viazi. Nilipekua mpaka chini. Viazi vitupu.

"Amesemaje?"

Mke wangu alikaa, akaanza kupeta ulezi, akanijibu bila kuinua macho.

"Amesema nikwambie hivi. Na yeye siku ile ya chanjo aliuliza mle ndani mna nini. Ukamwambia atoe mkono. Akatoa."