Paa la Fundi Jifunge

Ukitaka kumjua fundi, usimtazame usoni. Tazama kazi yake inafanya nini yeye akiwa hayupo.

Mageti ya fundi wetu huyu yalikuwa yanajifunga. Unalisukuma, unapita na baiskeli yako, na kabla hujafika mlangoni unalisikia nyuma yako: krrr, ta! Limerudi mahali pake. Siri ilikuwa kwenye reli. Fundi aliilaza kidogo upande mmoja, mteremko usiozidi unene wa kidole. Jicho halioni, lakini gurudumu linajua. Watu wakamwita Jifunge, naye akalipokea jina lile kama aliyepewa cheo.

Sasa huyu Jifunge, pamoja na mageti yote aliyotundika mitaani, alikuwa na hamu moja tu, nayo ilikuwa juu kabisa, kusikokuwa na geti.

Hamu hiyo alitiwa na dada yake. Walizaliwa wawili, dada mbele, yeye nyuma. Karo ilipopatikana ya mtoto mmoja tu, yeye ndiye aliyevua sare akaenda karakana kushikia watu vyuma. "Dada ana kichwa, mimi nina mikono," alisema, na hakuna aliyemsikia akilirudia neno hilo. Lakini kila jioni dada alirudi na kitabu cha sayansi, wakakaa kwenye ngazi ya nyuma, naye akasomewa. Jioni moja wakafika ukurasa wa sayari ya Zohali.

"Ina pete," dada alisema.

"Pete? Kwani imeolewa?"

"Mjinga wewe! Pete imeizunguka kiunoni, wala haiigusi. Imeelea tu."

"Nani anaishikilia?"

"Hakuna."

Kwa kijana aliyeshinda kutwa akichomelea vyuma visidondoke, jambo lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kitu kimezungukwa, hakijaguswa, na hakuna anayekishikilia! "Siku moja tutaiona," dada akamwambia. "Wote wawili." Kisha dada akafaulu, akafaulu tena, akaenda kufundisha nchi ya mbali, na ile siku moja ikawa miaka thelathini na minne.

Jifunge hakukaa bure miaka hiyo. Alioa, akapata pacha, akawakuza wakaondoka. Nyumba ilipopwaya, akaanza. Alitafuta vioo viwili vinene vya duara, akamwaga unga wa msasa katikati na maji kidogo, akasaga kimoja juu ya kingine kila jioni kwa miezi minane, mpaka cha chini kikabonyea kama sahani. Kile kilichobonyea akampelekea fundi wa vioo vya kujitazamia, akakipaka fedha. Bomba la plastiki likawa mwili, beringi ya lori ikawa shingo. Darubini ikasimama.

Halafu akaijengea banda nyuma ya nyumba: kuta nne za tofali, na juu paa la bati linaloteleza lote kwa magurudumu ya geti. Unalisukuma upande mmoja, mbingu hii hapa! Siku ya kwanza alilisukuma, akamwita mkewe, akainama kwenye darubini kwa madaha. Nyuma yake akasikia: krrr, ta! Giza.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Pacha! Leo umejifungia mwenyewe!"

Ndiyo hivyo. Mkono ukizoea hauulizi. Reli ameilaza kama alivyolaza reli zote maishani mwake, na keshaimwagia zege. Akachonga kabari ya mti, akaichomeka chini ya gurudumu, paa likatulia. Mwezi akauona, na mashimo yake. Sayari ya Mshtarii akaiona na vijinyota vyake vinne kama vifaranga. Lakini Zohali hakuigusa.

"Jamani," mkewe akamwambia, "umesaga kioo mpaka vidole vimechubuka, umenijengea banda penye kamba yangu ya nguo, na nyota yenyewe hutaki kuiangalia?"

"Hiyo ina mwenyewe. Namngoja."

"Na asipokuja?"

Jifunge alifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Akaja. Mwaka huo dada alipiga simu: anakuja kwa siku sita. Akashuka na mvi zake na mkoba wake, lakini macho yalikuwa yale yale, yamezungushiwa wanja. Tangu usichana hajawahi kutoka nje bila wanja. Jifunge alimpokea mzigo, akamwonyesha banda kabla ya chumba cha kulala.

"Wewe umejenga hii? Kwa mikono yako?"

"Kichwa kilikuwa mbali, Dada."

Na mawingu yakaja siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano mbingu ilikuwa sufuria iliyofunikwa. Wanawake wawili walikaa jikoni wakipiga soga na kucheka, lakini Jifunge hakai. Kila baada ya muda anatoka, anatazama juu, anarudi. Na kwa kuwa mikono yake haikujua kungoja, alichukua kopo la grisi akapaka magurudumu ya paa. Kesho yake akapaka tena. Siku ya tatu akapaka na reli yenyewe.

"Wifi," mkewe alimnong'oneza dada, "akiendelea hivi ataipaka na nyumba."

Siku ya sita gari la kumpeleka dada uwanja wa ndege lilikuwa la saa moja na nusu jioni. Mizigo ikapangwa mlangoni. Saa moja kasoro mkewe alitoka kuanua nguo, mara wakasikia sauti yake: "Baba Pacha! Toka! Kumepasuka!"

Kweli, wingu lilikuwa limeachana, na ndani ya mpasuko ule nyota moja ya manjano imetulia, haimetameti. Jifunge alimshika dada mkono wakakimbia kama watoto waliotumwa sukari. Akasukuma paa, likaenda kama kwenye siagi. Akachomeka kabari, akaelekeza darubini, akasema, "Njoo." Nyuma yake: krrr!

Grisi ya siku tatu! Kabari iliteleza kama sabuni, ikachomoka, paa linarudi. Jifunge aliliwahi kwa bega, akalirudisha, akabaki amelikinga kama mtu anayezuia ng'ombe mlangoni.

"Nije tulishike wote?"

"Usije! Inama hapo, Dada. Angalia!"

Dada akainama. Ukapita muda. Jifunge alimwona mgongo tu, na koti la safari.

"Mdogo wangu," dada alisema taratibu.

"Ipo?"

"Ipo. Ndogo, kama ya kuchora. Na pete... imeizunguka, wala haiigusi."

"Hakuna anayeishikilia?"

"Hakuna." Akanyanyua uso, mashavu yamelowa. "Haya, tubadilishane, haraka! Nilishike mimi, uje uone."

"Litakushinda. Lina uzito."

"Njoo, nimesema!"

Dada akamfuata, akatia bega lake karibu na la mdogo wake. Na walipokuwa wanapeana ule uzito, huyu anaachia, huyu anapokea, kivuli kikapita juu yao. Wakatazama. Mfuniko wa mawingu umerudi. Nje gari likapiga honi.

Kwenye geti dada alimkumbatia sana. Hakusema tena, "Siku moja." Geti likajifunga nyuma yake lenyewe.

Kesho yake, ungeamini? Mbingu nyeupe asubuhi, jioni safi kama imeoshwa. Jifunge alikaa kwenye ngazi ya nyuma, hajawasha taa, wala bandani hakukaribia. Mkewe akatoka, akapita mbele yake, akalisukuma paa, akaliegemea kwa mgongo.

"Wifi kaniachia maagizo. Inuka."

"Litakushinda hilo."

"Nimebeba pacha miezi tisa, bati ndiyo linishinde? Inuka, Baba Pacha. Mgongo unauma."

Akainuka. Akatafuta, akarekebisha, akaweka jicho. Mkewe akachoka kuegemea.

"Sema basi, na mimi nijue."

"Ndogo," alisema. "Kama ya kuchora. Pete imeizunguka kiunoni, wala haiigusi." "Alinieleza vilevile. Hata kosa hakufanya."

Walipoingia ndani kwenye mwanga, mkewe alimtazama akapasuka kicheko. "Umepaka wanja!"

Akaenda kwenye kioo. Kweli. Jicho la kulia lilikuwa limezungukwa na duara jeusi, kamili. Lilitoka kwenye ule mpira wa darubini wa kuwekea jicho, alipoinamia dada jana yake na machozi.

"Kanawe, watu watakucheka."

"Nitanawa."

Aliufungua mfereji, akanawa mikono. Akanawa mpaka viwiko. Uso hakuugusa, akaenda kulala nao hivyo hivyo.